Chensoo, trekta la winchi au havesta: ipi inamrudisha mkata miti nyumbani mzima?

Muuza mashine za misitu atakueleza mambo matatu bila kuulizwa: nguvu ya injini, mafuta kwa saa, na mita za ujazo kwa siku. Nani ataumia, atapigwa na nini na kwa sababu gani, hayo utayajua ukishalipa. Sisi tumeanzia huko. Tumezipima mashine za aina tatu kwa namna zinavyoweza kutumika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye shamba la miti la Sao Hill lenye zaidi ya hekta 130,000 na kwenye mashamba ya watu binafsi ya Mufindi, Njombe, Kilolo na Makete, kwenye mipaina na milingoti (mikaratusi). Mizani yetu ni moja: mwili wa mfanyakazi uko umbali gani na mti unaoanguka, cheni inayozunguka na gogo linaloviringika. Na mashine ikishaondoa hatari moja, imeileta ipi mahali pake?

Msumeno wa watu wawili, kwa mfano, uliumiza migongo na viganja, na kazi ilikwenda polepole kweli. Lakini mti ulipoanza kulia, kila aliyekuwa karibu aliusikia na akakimbia. Chensoo imechukua jasho, ikachukua na sikio. Opereta aliyevaa kinga za masikio huku injini ikinguruma hasikii nyuzi za mti zikikatika. Inabidi auone mti kwa macho: kata ya nyuma inavyofunguka, kilele kinavyotikisika, vumbi la gome linavyodondoka. Wengi hawautazami mti, wanatazama cheni.

Chensoo ya daraja la 70 cc

Hapa tunazungumzia mashine kama Stihl MS 382 au Husqvarna 372 XP: nguvu ya kama kilowati 3.9, uzito wa kama kilo 6 bila upanga (bamba refu ambalo cheni inalizunguka) na cheni. Kenya wengi huziita pawasoo. Kwa mpaina wa kipenyo cha sentimita 25 hadi 50 hii ndiyo saizi ya kazi. Kubwa zaidi ya hapo inachosha mikono kabla ya saa nne asubuhi, na mikono iliyochoka ndiyo inayokosea.

Kinachotenganisha chensoo salama na chensoo ya hatari ni kitu kimoja kidogo ambacho mnunuzi hakikagui: breki ya cheni, ule mkono wa plastiki ulio mbele ya mpini wa mbele. Kazi yake ni kuzuia teke. Robo ya juu ya ncha ya upanga ikigusa kitu kigumu, iwe gogo la pili lililojificha kwenye majani au kisiki, jino linakwama, na nguvu yote ya injini inaurusha upanga juu na nyuma kuelekea shingo na uso wa opereta. Cheni ya nafasi ya inchi 3/8 kwenye gia ya meno 7, injini ikienda mizunguko 10,000 kwa dakika, inakimbia mita 22 kwa sekunde. Breki nzuri inaisimamisha kwa wastani wa sekunde 0.12. Jicho na mkono wa binadamu haviwahi hapo. Breki hizi zilianza kuwekwa na watengenezaji wakubwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo leo hakuna kisingizio cha kununua mashine isiyo nayo.

Ipime hapo hapo dukani, haichukui dakika tano. Injini ikiwa imezimwa, sukuma mkono wa breki mbele mpaka ulie "tak", kisha vaa glovu ujaribu kuvuta cheni: isisogee hata kidogo. Rudisha breki. Inua mashine kama sentimita 50 juu ya kipande cha mbao, ishike mpini wa nyuma peke yake, acha ncha ya upanga iangukie mbao kwa uzito wake. Breki inatakiwa ijifunge yenyewe kwa mshtuko. Isipojifunga, iache dukani. Washa injini, kanyaga mafuta mpaka mwisho, sukuma breki kwa kifundo cha mkono bila kuachia mpini: cheni isimame mara moja. Achia mafuta, iache ingurume polepole: cheni isizunguke. Bonyeza kichochezi bila kushika kitufe cha juu cha mpini: kisibonyezeke. Mwisho geuza mashine uangalie chini ya gia kama pini ya kukamata cheni ipo, maana cheni ikikatika bila pini hiyo inarudi moja kwa moja kwenye mkono wa kulia.

Breki huharibika kwa njia ya kijinga. Unga wa mbao uliochanganyika na utomvu wa mpaina unaganda kwenye ukanda wa breki ndani ya kifuniko cha klachi, ukanda unateleza, opereta anaona "inasumbua", fundi anaitoa. Kumbe dawa ni brashi na kitambaa kila jioni, na kubadilisha ukanda ukishakonda. Ukikuta chensoo ya mtumba ambayo mkono wake wa breki unayumba kama mlango wa banda, ujue ndani hamna kitu.

Teke linaongezwa pia na tupa. Mbele ya kila jino la kukata kuna kijino kifupi kinachoamua jino lile litakula kiasi gani. Kwa cheni ya 3/8 tofauti ya kimo iwe milimita 0.65, tupa ya duara iwe ya milimita 5.2, pembe iwe ile iliyochorwa juu ya jino, kwa kawaida nyuzi 30. Opereta anayelipwa kwa idadi ya miti hukisaga kijino hicho kupita kiasi ili cheni "ile haraka". Inakula haraka kweli, kisha inakwama, inatetemesha na inapiga teke. Kifaa cha kupimia kimo hicho ni kibati kidogo cha bei ya chakula cha mchana. Kinunuliwe pamoja na tupa.

Sasa mti wenyewe. Watu hudhani chensoo ikiwa nzuri ukataji nao umekuwa salama. Hapana. Hatari kubwa ya mkata miti ni mti, matawi yake na majirani zake, na hiyo haijali umenunua mashine ya shilingi ngapi. Chukua mpaina wa sentimita 40 kwenye kimo cha kukatia. Mdomo, yaani kata ya pembe inayofunguliwa upande wa kuangukia, uingie sentimita 8 hadi 10, yaani kati ya sehemu ya tano na robo ya kipenyo. Kata ya nyuma ipite juu ya kona ya mdomo kwa sentimita 2 hadi 4. Katikati ibaki bawaba, yaani ukanda usiokatwa, ya sentimita 4, unene sawa pande zote mbili, na bawaba hiyo ndiyo usukani wa mti. Ukiikata yote, mti unachagua wenyewe pa kwenda. Ukiacha nene upande mmoja, mti unazunguka na kuvutika upande huo. Kabari mbili za plastiki ziingizwe mapema, kabla upanga haujabanwa. Za chuma zisitumike karibu na cheni. Njia mbili za kukimbilia zifyekwe kabla ya kuwasha injini, kuelekea nyuma kwa pembe ya nyuzi 45, wala si nyuma moja kwa moja, kwa sababu shina linaweza kuteleza juu ya kisiki na kurudi nyuma kwa nguvu. Asiyehusika akae mbali kwa urefu wa miti miwili: mti wa mita 25, yeye mita 50.

Hapo kwenye mita 50 ndipo tunapokosana na mashamba mengi. Msaidizi anayesukuma mti kwa mti mrefu wenye ncha, amesimama hatua tatu kutoka kwa opereta, huku mwenzake anakata matawi ya mti ulioanguka hapo jirani. Chensoo imefupisha muda wa kuangusha mti mmoja kiasi kwamba wakata matawi hawaishi kuwa ndani ya eneo la hatari. Zamani kasi ya msumeno ilikuwa inawatenganisha yenyewe, bila mtu kupanga.

Milingoti ina tabia yake. Mlingoti ulioinama mbele, ukiukata kwa kata ya nyuma ya kawaida, unapasuka wima kabla hujamaliza, na nusu ya nyuma inaruka juu kimo cha kifua au kichwa. Dawa yake inajulikana: piga mdomo mfupi, kisha toboa shina kwa ncha ya upanga nyuma ya bawaba (ukianzia sehemu ya chini ya ncha, siyo ya juu), panua kuelekea nyuma ukiacha kipande cha mwisho cha kushikilia, toa upanga, simama pembeni, kata kile kipande. Asiyefundishwa kutoboa asikate mlingoti ulioinama. Mafunzo yapo karibu: kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao (FWITC) pale Mafinga, chini ya Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi, kilijengwa kwa ajili ya kazi kama hizi.

Mavazi yanakuja na mashine, hayaji baadaye "tukipata hela". Suruali ya kukatia ya daraja la 1 imepimwa kwa cheni ya mita 20 kwa sekunde, daraja la 2 kwa mita 24. Siyo gamba la chuma. Ndani yake kuna nyuzi ndefu zinazovutwa na cheni mpaka zinaijaza gia na kuisimamisha, na nyuzi hizo zinafanya kazi mara moja tu: ikishakatwa hadi kwenye nyuzi, suruali imekwisha, hata ukiishona vizuri namna gani. Ifuliwe bila dawa ya kung'arishia, isipigwe pasi. Ukiikuta kwenye mtumba, tafuta lebo yenye picha ya chensoo na daraja lake, kisha ipapase mapajani kama kuna mshono wa kuficha. Bei yake haifiki nusu ya chensoo mpya ya daraja hili. Helmeti iwe na wavu wa uso na kinga za masikio. Angalia tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa chini ya ukingo wake, kwa sababu plastiki iliyokaa miaka kwenye jua inavunjika kama kigae.

Kelele na mtetemo havitoi damu, kwa hiyo havihesabiwi. Kwa hesabu inayotumika Ulaya na kwingineko, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 103, kiwango cha kawaida kabisa cha chensoo sikioni mwa opereta, unabaki na dakika 7 na nusu. Tangi moja la mafuta linaisha baadaye sana. Kwa mtetemo, Umoja wa Ulaya umeweka 2.5 m/s² kwa siku ya saa 8 kuwa mahali ambapo mwajiri lazima achukue hatua. Chensoo yenye mtetemo wa 5 inafika hapo kwa saa 2. Mipira au springi za mipini zikifa na mtetemo ukapanda hadi 10, inafika kwa dakika 30. Matokeo yake ni vidole kufa ganzi na kuwa vyeupe, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai kule Mufindi na Makete. Opereta anadhani ni baridi tu. Shika mipini yote miwili, itikise kinyume: ikigusa mwili wa injini, badilisha mipira leo.

Mafuta: mashine za sasa kwa kawaida zinataka oili ya tustroku 1 kwa petroli 50, yaani mililita 100 kwa lita 5. Jaza mahali pasipo na majani makavu, sogea mita 3 ndipo uwashe, hasa kuanzia Agosti hadi mvua zinyeshe. Oili chafu ya gari kwenye tangi la cheni ni kawaida ya watu wengi na ni mbaya mara mbili: inaziba pampu, cheni inakauka na kukatika, na ngozi ya opereta inaogeshwa mabaki ya injini kutwa nzima.

Chensoo hii, ikiwa na breki hai, mavazi kamili na opereta aliyefundishwa, tunaipa 6 kati ya 10. Bila hivyo, 2. Zile nakala za Stihl 070 ya zamani, injini ya 106 cc yenye uzito wa zaidi ya kilo 10, isiyo na breki ya cheni, ambazo bado zinapendwa kwa kupasua mbao porini, hatuzipi alama. Chensoo za bei ya chini za 52 na 58 cc zenye majina mengi na sura moja zinafaa kukatia kuni nyumbani kama zimefaulu majaribio tuliyoeleza, ila kwa kazi ya kutwa mipira yake na breki yake haviendi mbali. Za betri zina mtetemo mdogo na hazina moshi. Kwa kupunguza matawi ni nzuri, tatizo ni umeme wa kuzichajia ukiwa Makete ndani.

Trekta lenye winchi

Faida ya kwanza ya winchi, ile mashine ya nyuma ya trekta inayovuta magogo kwa waya, haitajwi kwenye matangazo: inaushusha mti ulioning'inia. Mti ulionasa kwenye jirani yake ndio mtego mbaya kuliko yote msituni, na bila mashine watu hufanya yale yale yasiyotakiwa: kuukata mti ulioushikilia, kuangusha mwingine juu yake, au kukata shina vipande vipande huku wamesimama chini yake. Winchi inauvuta kutoka kwenye kitako, dereva akiwa mbali. Kwa kazi hiyo peke yake inastahili pesa yake.

Faida ya pili ni migongo. Gogo la mpaina mbichi la mita 4 na kipenyo cha sentimita 40 lina ujazo wa nusu mita ya ujazo na uzito wa mamia ya kilo, na mahali pengi bado linasukumwa kwa mikono na mitaimbo mpaka njiani. Kwenye mteremko, anayesukuma kutoka upande wa chini anafanya kazi kwa rehema za kigingi kimoja.

Hasara yake: hatari imehama kutoka kwa anayekata kwenda kwa anayefunga waya. New Zealand ilijifunza hili kwa gharama. Mwaka 2013 wafanyakazi 10 walikufa katika misitu yake, na jopo huru lililotoa ripoti mwaka 2014 lilikuta kwamba wanaokata miti na wanaofunga magogo kwenye nyaya miteremkoni wako katika nafasi mbaya zaidi. Kampuni nyingi zikaanza kupeleka mashine kwenye miteremko hiyo ili mguu wa mtu usikanyage hapo.

Ukinunua, anza na waya. Winchi ya kuvuta tani 5 inataka waya unaokatikia tani 10 au zaidi. Wauzaji hupunguza hapo, au mwenye winchi anabadilisha waya ukishachakaa kwa wowote ule aliopata. Waya uliopinda mkunjo mkali, uliovimba kama kitunguu au wenye nyuzi zilizokatika unatolewa. Hauungwi fundo. Fundo linapita kwenye puli mara kumi salama, mara ya kumi na moja waya unakatika na ncha yake inafyeka kila kilichosimama. Ndiyo maana nyuma ya kiti cha dereva lazima kuwe na wavu wa chuma, na ndiyo maana hakuna mtu anayesimama ndani ya pembe ambayo waya umekunja kuzunguka mti au puli: waya ukiachia, unanyooka kupitia pembe hiyo.

Trekta la shamba linabinuka. Vuta gogo lililokwama kwenye kisiki, na waya ukiwa umefungwa juu kupita ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele yanainuka, na kutoka kuinuka hadi kumlalia dereva ni sekunde moja au mbili. Nguzo za kinga juu ya dereva ziwepo, na mkanda ufungwe. Nguzo bila mkanda zinakutupa nje kisha zinakulalia. Shafti inayozungusha winchi iwe na ganda lake la plastiki lisilozunguka. Ganda likivunjika, shafti inashika koti la mvua na kumaliza kazi kabla dereva hajageuka. Na ishara ziwe tatu tu, zinazojulikana na wote: vuta, simama, legeza. Anayefunga waya ndiye anayetoa ishara, na haitoi kabla hajasogea pembeni, upande wa juu wa mteremko. Rimoti ni bora, maana anayevuta ndiye anayeona.

Alama: 7. Ingekuwa 8 kama wauzaji wangekabidhi winchi pamoja na wavu na rimoti badala ya kuviita nyongeza.

Havesta

Mashine ya kukata, kufyeka matawi na kupima magogo, dereva akiwa ndani ya kabini. Kwa yule aliye ndani, hakuna kinachoikaribia. Marekani, watafiti walipolinganisha madai ya fidia ya West Virginia ya miaka ya 1995 hadi 2000, kabla na baada ya kampuni kuanza kutumia mashine za kukatia miti badala ya chensoo, majeraha yalikuwa yamepungua, na kule ni milima. Sababu haihitaji utafiti: mti ukikuangukia, unaangukia chuma.

Ila chuma hicho kiwe cha kweli. Kabini ya msituni inatakiwa iwe na kinga tatu zenye viwango vyake: ya kubinuka (ISO 8082), ya vitu vinavyoanguka (ISO 8083) na ya vitu vinavyochoma kutoka mbele (ISO 8084). Hapa ndipo ekskaveta ya kuchimbia mitaro iliyofungwa kichwa cha havesta inapofeli. Kwa macho ni ile ile, kwa bei ni rahisi, lakini kioo chake ni kioo. Cheni ya kichwa cha havesta inakimbia hadi mita 40 kwa sekunde, na inapokatika pingili yake moja inaweza kuruka kama risasi. Kioo cha kawaida hakiizuii. Polikaboneti nene ndiyo inayotakiwa. Dereva asielekeze upanga usawa wa kabini wala usawa wa watu, na aliye chini akae mbali si chini ya mita 70, au umbali mkubwa zaidi kama kitabu cha mashine kimeutaja.

Waliozoea mashine hizi kwa miongo, Sweden na Finland, walipunguza vifo vya kuangukiwa na miti wakapokea maumivu ya shingo na mabega: saa nane za vidole kwenye vijiti viwili, kichwa kimeinuliwa, mashine inalipiwa mkopo kwa hiyo zamu ya usiku inaongezwa. Majeraha mengine yakahamia kwenye matengenezo. Dereva anateleza kwenye ngazi yenye tope akishuka kubadilisha cheni. Fundi anapapasa bomba la haidroli kwa kidole kutafuta linapovuja, na mafuta yenye msukumo wa zaidi ya baa 200 yanapenya ngozi kama sindano. Kidonda ni kitundu kidogo, hakiumi sana saa ya kwanza, na mtu asipofanyiwa upasuaji mapema anapoteza kidole au mkono. Tumia kipande cha kadibodi, kamwe usitumie mkono. Na majani makavu ya paina yanayorundikana juu ya injini ni moto unaosubiri. Yasafishwe kila zamu, vizima moto viwili viwepo, kimoja ndani ya kabini.

Jambo ambalo muuzaji hatalisema: havesta inachukua miti rahisi. Tambarare, mistari iliyonyooka, kipenyo kinachoenea kwenye kichwa cha mashine. Inayobaki ni miti minene ya pembeni, iliyoinama mtoni, iliyopigwa na upepo, ya mteremko unaozidi asilimia 35 hivi ambako mashine ya magurudumu haifai kwenda bila kufungwa kamba. Hiyo inaachiwa mtu wa chensoo. Zamani alikuwa anakata miti mia ya kawaida kwa kila mmoja mgumu, na ile mia ndiyo iliyompa mkono. Sasa anapewa migumu tu, na wanaojifunza hawana tena miti ya kujifunzia. Kampuni inayonunua havesta ikamwacha mtu huyu na chensoo ya zamani na gumbuti imepunguza ajali zake kwenye karatasi.

Aliye kabini: 9. Aliyebaki nje: 4. Kwa mwenye shamba la ekari chache kijijini, mashine ya tani karibu 20 haivuki hata daraja la kufikia shamba, kwa hiyo mjadala unaishia hapo.

Nani anunue nini

Kampuni yenye mamia ya hekta za tambarare: havesta ya msituni, siyo ekskaveta iliyobadilishwa, na kikosi kidogo cha chensoo kilicholipwa vizuri kuliko zamani. Ushirika au mkandarasi wa kati: trekta la winchi. Mkandarasi mdogo mwenye watu watatu na chensoo moja asidanganyike kukopa trekta kabla hajakamilisha vya mwanzo.

Na kabla ya chochote, aangalie anavyolipa. Anayelipwa kwa mti hapigi kabari, hafyeki njia ya kukimbilia, hasimami kubadilisha cheni. Hiyo ni mashine yenye breki iliyotolewa, kwa njia nyingine. Lipa kwa siku, au lipa kwa gogo zima lisilopasuka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri agharamie vifaa vya kinga mwenyewe, na kibarua aliyesajiliwa ana haki ya fidia chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Asiyeandikwa popote, akikatwa mguu, anabaki kuchangiwa na majirani.

Orodha yake basi: chensoo yenye breki iliyopimwa, cheni mbili, tupa na kibati cha kimo, suruali, helmeti, buti zenye chuma, kabari tatu, nyundo, utepe wa kupima mita 50, filimbi. Kisha bandeji pana za kukandamiza damu, mbili angalau. Zikae kiunoni kwa opereta. Zikikaa kwenye lori, saa zinapohitajika lori litakuwa limeshaondoka na mzigo, liko njiani kwenda Makambako.